Aliyeguswa kwenye mkesha na aliyeguswa kwenye zikri, je wamekutana na kitu kimoja?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, mzaliwa wa Bukoba, mama yangu ni mlokole wa zamani, mimi sa hivi naishi na kufanya kazi Bagamoyo. Wiki tano zilizopita kanisani tulikuwa na mfungo wa siku tatu, siku ya mwisho tukakesha. Kwenye saa tisa usiku tukiwa tunarudia pambio moja kwa muda mrefu, ghafla nikawa kama sipo, mwili siusikii unaishia wapi, kukawa na mwanga ila sio wa kuonwa na macho, na upendo ambao siwezi kuuelezea, muda ukapotea kabisa. Mimi niliona ni dakika chache lakini wenzangu wanasema nilikaa hivyo karibu nusu saa nalia. Nikamsimulia dada mmoja ofisini, yeye ni Mwislamu wa twarika ya Qadiria, akanyamaza afu akaniambia 'hicho kitu mimi kimenikuta kwenye zikri', na alivyoelezea ni kama ananisimulia ya kwangu. Nikaanza kuangalia video za Wahindu na Wabudha nao wanasema yale yale. Mchungaji wangu nilipomuuliza alisema ni Shetani kajigeuza malaika wa nuru. Binamu yangu aliyesoma anasema ni ubongo tu ulikosa chakula na usingizi. Hivi ni kitu kimoja kwa dini zote au? Na kama ni kimoja, dini yangu ina maana gani? Toka siku ile nalala masaa matatu manne tu, saa nyingine naona vitu kama niko ndani ya filamu, na naogopa kusali."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa hizi wiki tano. Kabla sijaingia kwenye swali naomba jambo moja ulifanye hata kama hutasoma mpaka mwisho: kuanzia leo usifunge wala usikeshe, jioni kula ushibe, na ulale. Mengine yote tutayaongea, lakini mtu anayelala masaa matatu kwa wiki tano hawezi kupambanua roho wala kupambanua kitu kingine chochote, na sababu nitakueleza huko chini.

Nilivyokuelewa, swali lako la juu ni la kielimu, ila chini yake kuna hofu, kwamba kama yule dada kakipata kile kile kwa njia ya zikri, ile ibada ya kulirudia jina la Mungu, basi labda ulichokipata wewe hakikutoka kwa Yesu, au labda hakikutoka kwa yeyote, ni mwili tu ulikuchezea. Na majibu mawili uliyopewa, la mchungaji na la binamu, yanapishana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, yote yanakwambia uache kuuliza. Mimi nakuomba uendelee kuuliza, maana wasomi wamelihangaikia swali hili zaidi ya miaka 100, na ndani ya dini zenyewe ni la zamani kuliko hapo.

Kwa kifupi naona hivi. Kuna sehemu inayofanana kweli kweli, wala sio watu wanaigana, na sehemu hiyo iko kwenye namna tukio linavyomkuta mtu, yaani kujisahau, muda kupotea, ule uhakika mkubwa unaobaki. Ila ukiuliza mtu kakutana na nani au na nini, na kesho yake katumwa akafanye nini, hapo dini zinaachana, na zinaachana mbali. Afu kuna mfanano mwingine ambao wenye video hawausemi, nami kwa miaka niliyofundisha na kushauri watu kwenye mambo haya naona ndo wenye uzito zaidi, nao ni jinsi dini zinavyoyapima haya mambo yakishatokea.

Tuanze na kufanana. Mmarekani mmoja, William James, daktari na mwanasaikolojia, alitoa mihadhara Edinburgh mwaka 1901 na 1902, akakusanya shuhuda za kila aina, Wakristo wamo, Wahindu wamo, watu wasio na dini yoyote wamo, hata Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, yumo, akasema hali hizi zina alama nne. Haielezeki kwa maneno. Mtu anatoka na uhakika kwamba amejua kitu, sio kwamba kahisi tu. Haidumu. Na mtu anaona kashikwa, sio yeye anayeiendesha. Hebu rudia barua yako, zote nne zimo, na bila shaka kwenye simulizi ya mwenzako zimo pia, ndo maana ulisikia kama anakusimulia ya kwako. Baada ya James wengine wakaenda mbali zaidi, Aldous Huxley mwaka 1945 akatoa kitabu kizima kusema dini zote zina kiini kimoja kilichofichika na tofauti ni maganda tu. Video nyingi unazoangalia zinatoka kwenye ukoo huu wa mawazo hata kama anayeongea hajui. Ni wazo zuri, linavutia, na watu wema wengi wanalipenda kwa sababu linaleta amani kati ya majirani, lakini uzuri wake hauwezi kulifanya liwe kweli, inabidi uwasikilize wahusika wenyewe wanasema nini.

Basi tuwasikilize. Blaise Pascal, Mfaransa, mtu wa hesabu, usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu usiku mpaka saa sita na nusu, kuna kitu kilimkuta akakiandika kwenye karatasi kwa maneno yaliyokatika katika, kwanza aliandika Moto, afu Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wasomi, afu machozi ya furaha, afu Yesu Kristo. Karatasi hiyo aliishonea ndani ya koti lake na ilionekana tu baada ya yeye kufariki mwaka 1662. Kwake kulikuwa na Mtu mwenye jina aliyekuja.

Sasa mlinganishe na kijana wa miaka 16 mji wa Madurai kusini mwa India mwaka 1896, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ramana Maharshi. Alikuwa peke yake chumbani, mzima wa afya, ghafla akashikwa na hofu ya kufa. Hakuita mtu. Akalala chini, akakaza mwili kama maiti, akajiuliza, haya mwili umekufa, sasa huyu mimi anayejua kwamba mwili umekufa ni nani? Hofu ikaisha na kwa maelezo yake haikurudi tena, wiki chache baadaye akaondoka nyumbani akaenda kwenye mlima Arunachala na huko akakaa mpaka alipofariki mwaka 1950. Hakuna aliyemjia, hakuna msamaha, hakuna dhambi kwenye simulizi yake, alichokikuta ni nafsi ambayo anasema haifi. Na Mbudha wa Theravada, tawi la zamani la Ubudha, ukimuuliza yeye kaona nini kwenye kilele cha tafakuri yake, mafundisho yake yanasema kaona kwamba hiyo nafsi haipo. Mmoja anasema ipo na ni hiyo tu, mwingine anasema haipo kabisa, na wote wawili wametoka na utulivu ule ule usoni. Ukisema hawa wameona kitu kimoja itabidi umwambie mmojawapo, au wote wawili, kwamba hajui alichokiona, na mimi hilo naliona ni jambo zito kumwambia mtu aliyetoa maisha yake yote.

Ghazali naye ni namna nyingine. Alikuwa mwalimu mkubwa kwenye chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, mwaka 1095 ulimi ukagoma, anasimama kufundisha maneno hayatoki, chakula hakipiti, matabibu wakasema ugonjwa uko moyoni. Kwake hapakuwa na usiku mmoja wa moto, kulikuwa na miezi ya kuvutwa huku na huku mpaka akaacha kazi na cheo akaelekea Sham, yaani upande wa Syria, na miaka ya khalwa, ya kujitenga kwa ibada, ikafuata.

Na usiende mbali, muulize mama yako. Walokole walianzia Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, moto ukaingia Uganda, ukafika kwenu Bukoba, ukaenda Kenya. Watu walikuwa wanalia usiku mzima, wanatetemeka, wanaota ndoto, afu inakuja furaha na wimbo wao wa Tukutendereza unaimbwa mpaka asubuhi. Lakini kilio kilikuwa cha nini? Cha dhambi. Hicho ndicho kilikuwa katikati, na asubuhi mtu anabeba alichoiba anakirudisha kwa mwenyewe. Huwezi kuitoa dhambi kwenye tukio la mlokole ukasema nimetoa ganda tu.

Mwaka 1978 msomi wa dini, Steven Katz, alilisema hili kwa ukali, kwamba hakuna tukio tupu, kila tukio limeshapita kwenye mafunzo ya mtu, lugha yake, nyimbo alizokulia, na matarajio yake, na ndo maana mtawa wa Kibudha hamkuti Yesu kwenye tafakuri na mtawa wa Kikatoliki hafikii nirvana, ule mwisho wa mateso anaoutafuta Mbudha. Mwaka 1990 Robert Forman na wenzake wakamjibu, wakasema kuna nyakati mtu yuko macho kabisa lakini ndani hakuna wazo, hakuna picha, hakuna neno, hakuna hata 'mimi', na pasipo na kitu utamaduni utashika wapi? Mimi naona Forman ana haki kwenye eneo dogo na Katz ana haki kwenye lililobaki, na watu wengi mno wako kwenye lililobaki. Wewe mwenyewe ulikuwa na mwanga na ulikuwa na upendo, na ulikuwa katikati ya pambio la Yesu, hilo tayari sio tukio tupu. Kuna dodoso pia, la Ralph Hood, ambalo limejaribiwa kwa Wakristo wa Marekani na kwa Waislamu wa Iran na majibu yakajipanga kwa namna inayokaribiana, na wapenda umoja wanalitaja sana. Ni kazi nzuri ya utafiti, naiheshimu, ila ukiuliza maswali uliyoyatoa majina yote utapata majibu yasiyo na majina, kwa hiyo linatuonyesha tukio linakujaje, haliwezi kutuambia limetoka wapi.

Sasa mbona linakuja vile vile? Hapa binamu yako kagusa ukweli nusu, na inabidi tuukubali huo nusu bila kuogopa. Angalia mlichofanya. Siku tatu hamjala, usiku hamjalala, wimbo mmoja unarudiwa, sauti nyingi zinakuwa moja, na kuimba muda mrefu kunabadilisha pumzi. Angalia na za mwenzako, Bagamoyo zikri za Qadiria zina mizizi toka enzi za Sheikh Ramiya aliyefariki mwaka 1931, ni usiku, ni jina la Mungu linarudiwa, pumzi inaingia na kutoka kwa mpigo mmoja, miili inayumba pamoja. Watawa wa Kiorthodoksi wanairudia sala fupi ya Yesu kwa kufuata pumzi. Watawa wa Zen, tawi jingine la Ubudha, nao wana majuma ya kukaa na kukesha. Binadamu wana mwili wa aina moja, hivyo walioutafuta uso wa Mungu au ukweli kwa bidii, kila mahali waligundua milango ile ile ya mwili.

Na mwili unafanya nini? Ukipumua kwa nguvu na haraka muda mrefu, kabondayoksaidi inashuka kwenye damu, mishipa ya ubongo inabana, unapata ganzi vidoleni na midomoni na kichwa kinakuwa chepesi. Ukirudia neno moja bila kukoma, ile sehemu ya ubongo inayokuongelesha kutwa nzima kuhusu wewe, deni lako, bosi wako, aliyekusema vibaya, inapoa. Judson Brewer na wenzake mwaka 2011 waliwapima watu wenye uzoefu mkubwa wa tafakuri wakakuta maeneo hayo yametulia kuliko kwa watu wasio na uzoefu. Na huku juu nyuma ya kichwa kuna eneo linalotunza hesabu ya mwili wako unaishia wapi na dunia inaanzia wapi, likipungua kazi unaweza kupata kile ulichokiandika, mwili siusikii unaishia wapi.

Ila hata hapa kwenye ubongo mambo sio kitu kimoja, na hili napenda binamu yako alisikie. Andrew Newberg aliwapiga skani watafakari 8 wa Kibudha wa Tibet na masista 3 wa Kifransisko wakiwa kwenye sala, akaona sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika umakini, kazi yake imeongezeka. Baadaye mwaka 2006 akawapima wanawake 5 wa Kipentekoste wakinena kwa lugha, na kwao ile ile sehemu ya mbele ilipungua kazi. Ni watu wachache mno, usijenge nyumba juu yake, lakini inaendana na wanavyosema wenyewe, mtawa anasema mimi nimekaza nia, anayenena anasema sio mimi ninayeongoza. Kwa hiyo hata yule anayesema ni ubongo tu hawezi kusema ni tukio moja la ubongo.

Una mfano mwingine karibu kabisa, jinamizi. Watu wa kila taifa wanaamka usiku wamekandamizwa kifua, hawawezi kusogea, wanaona kuna mtu chumbani. Mwili uko kwenye usingizi wa ndoto na akili imewahi kuamka, ni utaratibu mmoja kwa wote. Lakini kisiwa cha Newfoundland huko Kanada wanasema ni kikongwe kaja kukalia kifua, na Zanzibar mwaka 1995 mji ulikuwa haulali kwa sababu ya popobawa. Mwili ule ule, hofu zimeumbwa na mahali, na sio kwamba mtu kwanza anapata jinamizi tupu afu baadaye analipa jina, linakuja limeshavaa sura ya kwao. Tanya Luhrmann na wenzake wamelikuta hili mpaka kwenye ugonjwa, waliwahoji watu wenye maradhi ya akili wanaosikia sauti, 20 California, 20 Accra, 20 Chennai, wale wa California sauti zao zilikuwa za ukatili na vita zaidi, wale wa Accra wengi walisema wanamsikia Mungu, wa Chennai wengi wakasikia ndugu zao wanawaagiza kazi za nyumbani. Kama mahali panaingia mpaka kwenye ugonjwa, kwenye sala pataacha kuingia?

Ila ule nusu mwingine wa binamu yako mimi siukubali. Kusema ubongo ulihusika sio kusema hakukuwa na mtu. Mama yako akitokea mlangoni sasa hivi, ubongo wako utawaka sehemu zinazojulikana, na hakuna atakayesema basi mama hayupo. Skani inaonyesha mlango umefunguka, nani kaingia haiwezi kukuonyesha, na anayekwambia skani imethibitisha Mungu yupo au hayupo anakuuzia kitu ambacho mashine haina.

Mchungaji wako simlaumu, ana kazi ya kulinda kundi na ameona watu wakipotea kwa maono. Ila ile aya aliyokupa, 2 Wakorintho 11:14, isome na zilizoizunguka. Paulo anawaongelea mitume wa uongo, watendao kazi kwa hila, na anamalizia kwamba mwisho wao utakuwa sawasawa na kazi zao. Yaani kipimo alichokiweka ni kazi zao, mwanga wenyewe hakuufanya kipimo. Geuza ukurasa usome sura ya 12, yule yule Paulo anamtaja mtu aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu, kama alikuwa katika mwili hajui, kama alikuwa nje ya mwili hajui, na ilikuwa miaka 14 nyuma, hakuikimbiza sokoni wala hakuijengea fundisho. Wengi wanaamini mtu huyo ni Paulo mwenyewe. Mtume mzima aliweza kusema sijui, Mungu ajua, na akaendelea na kazi.

Na hapa ndo nafika kwenye ule mfanano niliousema. Ukiwauliza wakubwa wa dini hizi ni nini kiliwatokea, hawapatani. Ukiwauliza umfanyeje mtu aliyetokewa, unashangaa wanavyofanana. Teresa wa Avila, mtawa Mkatoliki wa Hispania aliyefariki 1582, alipata maono mengi kuliko watu wengi wa Kanisa, na maisha yake yote aliyapeleka kwa waungamishi yapimwe, na kwenye chumba cha mwisho kabisa cha kitabu chake kiitwacho Ngome ya Ndani anasema lengo la yote ni kuzaa matendo. Mwenzake Yohane wa Msalaba alikuwa mkali zaidi, alifundisha usiyang'ang'anie maono hata kama yametoka kwa Mungu, kama yalikuwa na faida imeshafanyika. Masufi, yaani watu wa twarika kama mwenzako, hivyo hivyo, muridi, mwanafunzi, anamwambia murshidi wake, mwalimu wake wa kiroho, hatangazi barazani. Junayd wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, alifundisha kwamba baada ya nafsi kufutika lazima mtu arudi kwenye uzima wa akili na sharia, na wanaoleweshwa na hali hiyo wakabaki huko hakuwaweka juu. Ghazali aliandika kuhusu waliotamka kana kwamba wao na Mungu ni kitu kimoja, kama Hallaj, yule aliyeuawa Baghdad mwaka 922, akasema maneno ya wapenzi wakiwa wamelewa yafichwe yasisimuliwe, na kwamba akili ikiwarudia wanajua ule haukuwa umoja wenyewe, ulifanana na umoja. Hebu pima hilo, miaka 900 iliyopita mtu alishatenganisha lililotokea na jinsi mtu anavyolielezea. Kwenye Zen mwanafunzi akimkimbilia mwalimu kwamba kaona mianga, kaona hata Budha, anaambiwa ni makyo, yaani mazingaombwe ya akili, yaache, rudi ukakae. Na walokole wa mama yako wana kutembea nuruni, unasema mbele ya wenzako wanaokujua, na wanaangalia kama umerudisha kilichoibwa na kama umepatana na mke au mume wako.

Kwa hiyo unapouliza kama dini yako ina maana gani, mimi najibu ina maana sana, maana tukio lilikuwa la nusu saa na dini ndo itakayokaa na wewe miaka 40 ikikusaidia ulifanyie nini. Mwenzako kakutana na lake ndani ya sala tano, Qurani, na murshidi anayemjua, na wewe la kwako limekukuta ndani ya jina la Yesu na ushirika. Hamlazimiki kukubaliana mmekutana na Nani ili muweze kuambiana mlivyotetemeka. Binafsi sioni sababu ya wewe kulikana la kwako kwa kuwa la kwake linafanana, wala sioni sababu ya kulitukana la kwake ili la kwako libaki safi. Kama Mungu ni Muumba wa mwili huu wenye milango hii, kwangu haishangazi mtu mwingine kubisha mlango ule ule. Wapo wanateolojia wa pande zote mbili ambao hapo hawatanikubali, na ni haki yao.

Haya, sasa afya yako, na hapa naomba usinielewe kwamba nakuita kichaa. Hali ya kuona vitu kama filamu, kukosa usingizi, hofu baada ya sala nzito, imeandikwa sana. Jared Lindahl na Willoughby Britton mwaka 2017 walichapisha utafiti wa watu wa tafakuri za Kibudha kule Marekani na kwingine Magharibi wakaorodhesha aina 59 za mambo yanayowapata, mengine mazuri, mengine ya kutisha na ya kudumu muda mrefu. Hata kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani tangu 1994 kina sehemu inayotambua tatizo la kiroho ambalo sio ugonjwa. Lakini kuna mpaka, na kinachouvusha mtu mara nyingi ni usingizi. Kwa mtu mwenye asili ya maradhi ya hisia kupanda na kushuka, kukosa usingizi peke yake kunaweza kuamsha kipindi cha ugonjwa, na wakati huo mtu mwenyewe anajiona yuko karibu na Mungu kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo wewe, kwa barua uliyoandika, nataka uende hospitali wiki hii, usisubiri. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na kwenda huko sio kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, ni kuongea na mtu na pengine kusaidiwa kulala. Mwambie daktari ukweli wote, mfungo, mkesha, mwanga, filamu, masaa unayolala, na kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua akili au kifafa useme, hilo la kifafa usilifiche maana kuna aina yake inayoanza na furaha kubwa au harufu isiyokuwepo. Akuchunguze na mwili pia, tezi ya shingo na upungufu wa damu huwa vinasumbua usingizi na moyo.

Na kuna mambo ambayo yakitokea hiyo wiki nayo ni ndefu, nenda siku hiyo hiyo na mtu akusindikize: ukianza kusikia sauti zinazokuamuru, ukiona huhitaji kulala kabisa na nguvu zimekujaa, mawazo yanakimbia, unataka kugawa mali au kuacha kazi kwa sababu umepewa utume, ukiacha kula, au ukipata wazo la kufa, hata kama linakuja kwa sura nzuri ya kwenda nyumbani kwa Baba. Mpe namba yako ya simu mtu mmoja unayemwamini, mwambie ishara hizi, muombe akuangalie, maana mwenyewe unaweza usizione.

Kwa nyumbani, kula milo mitatu yenye kitu kizito. Punguza kahawa na chai ya rangi baada ya mchana. Hizo video ziache kwa sasa, zinakurudisha kule kule usiku kucha. Fanya kazi za mikono, fua, lima bustani, tembea ufukweni asubuhi, ukisikia ile filamu inakuja shika kitu cha baridi, taja kwa sauti vitu unavyoviona mbele yako. Usimsimulie kila mtu, chagua mmoja au wawili, na mmoja awe mama yako, muulize ilikuwaje siku aliyookoka na wiki zilizofuata, nina hakika kuna mambo hajawahi kukwambia. Kusali usiache kama moyo unataka, ila iwe mchana, ifupi, umeshiba, macho wazi, Baba Yetu moja inatosha, na ukianza kusikia mwili unapotea simama ukatembee, hakuna dhambi hapo. Mkesha na mfungo mpaka daktari aseme, na mchungaji mwambie ni amri ya daktari.

Yule dada wa ofisini usimkimbie, ila mwaliko wa kwenda kusikiliza zikri, kama upo, uahirishe kwanza. Ukishalala vizuri wiki mbili tatu mfululizo niandikie, unieleze daktari kasema nini, hapo tutaongea kama uende au usiende.